Msongamano si mtawanyiko

Wanafunzi wa Jiografia, kuna maneno mawili yanayowapotezea alama bure: msongamano na mtawanyiko wa watu. Msongamano ni hesabu tu: gawa idadi ya watu kwa eneo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, mkoa wenye kama kilomita za mraba 1,393, yaani karibu watu 3,900 kwa kila kilomita ya mraba. Lindi ina watu milioni 1.2 kwenye kilomita za mraba zipatazo 66,000. Hapo ni watu 18 tu.

Lakini hao 18 ni wastani, na wastani hudanganya. Ukienda Liwale, wilaya ya mkoa huo huo wa Lindi, utakuta pori kubwa la hifadhi lisilo na kijiji hata kimoja, wakati watu wamejazana mjini Lindi na kando ya barabara. Huo ndio mtawanyiko: watu wako wapi, na kwa nini wako hapo. Ukiulizwa mtawanyiko, taja maji, udongo, barabara, mbung'o, hifadhi. Kikokotoo kiweke pembeni.

Na tafadhali, msiandike "Dar ina watu wengi kwa sababu ina msongamano". Msongamano ni jibu la hesabu, si sababu.