Somo: Kutoka boksi la msaada hadi mikononi mwa wanafunzi

Vifaa vya msaada vikifika shuleni, mara nyingi hupigwa picha siku hiyo hiyo, vikaorodheshwa, vikafungiwa kabatini, na wanafunzi wakaendelea kunakili mchoro wa saketi kutoka ubaoni. Somo hili ni la mwalimu anayetaka vitoke kabatini. Nawalenga wanaofundisha watoto wa miaka 11 hadi 14, umri ambao mtoto anaweza kubishana na matokeo ya jaribio lake mwenyewe lakini bado anataka kushika kitu ndipo aamini.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kifaa cha darasani nakipima kwa idadi ya mikono itakayokigusa, bei yake hainishughulishi. Mtu akinipa nichague kati ya hadubini moja ya kifahari na lenzi za mkono 10, nachukua lenzi bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya 1: Andika swali kwanza, ombi baadaye

Ukiandika "tunaomba vifaa vya sayansi", utaletewa kilichokuwa kinajaza stoo ya mtu. Chukua mada za muhula, chagua zile ambazo wanafunzi hukosea kila mwaka, kisha kwa kila mada andika swali moja ambalo jibu lake halipatikani bila mikono kufanya kazi. Mfano: kitu kinachobembea kikiongezwa uzito, je, muda wa kubembea hubadilika? Swali hilo linataka uzi, nati za chuma za ukubwa tofauti, rula ya mita na saa inayohesabu sekunde. Basi. Orodha ya kuomba imeshapatikana, na fundi yeyote wa magari anaweza kukujazia nusu yake kwa nati alizozikusanya kwenye kopo.

Halafu piga hesabu ya makundi. Wanafunzi 3 au 4 kwa kundi ndio mwisho. Wakifika 6, wawili wanafanya kazi na wanne wanapiga soga. Darasa la watoto 40 lina makundi 10, kwa hiyo unaomba seti 10 na ziada mbili kwa ajili ya vitakavyovunjika.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau: omba vitu vinavyoisha. Wahisani hupenda kutoa kitu kikubwa kinachodumu, chenye sehemu ya kubandika jina lao. Lakini somo la vitendo huwa haliuawi na ukosefu wa kitu kikubwa. Huuawa na betri zilizokwisha, gundi iliyokauka, utepe wa kunata uliobaki kigaragara kitupu. Andika hivyo kwenye ombi bila aibu.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kushukuru

Si kila kinachotolewa kwa moyo mweupe ni salama kwa mtoto. Vifaa vya maabara vya zamani ndivyo vya kuangaliwa zaidi.

Kipimajoto chenye mstari wa rangi ya fedha ndani mara nyingi kina zebaki. Kikivunjika, zebaki husambaa vishanga vishanga na kutoa mvuke wenye sumu. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki uliopitishwa mwaka 2013, umeviweka vipimajoto hivyo kwenye orodha ya bidhaa za kuachwa kutengenezwa na kuuzwa kati ya nchi na nchi, na huenda ndiyo maana watu wanavitoa bure. Usivipokee. Chenye mstari mwekundu au wa buluu kwa kawaida kina alkoholi, hicho kinafaa.

Nyavu za waya za kuwekea chombo juu ya moto, zile zenye duara jeupe katikati: za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Kama huna uhakika na umri wake, usiikwangue wala kuisugua. Iweke kwenye mfuko uliofungwa na uwape wahusika wa taka hatarishi.

Mabomba ya sindano ni hazina kubwa, nitayarudia hapo chini, ila yawe mapya, kwenye pakiti zake, bila sindano. Yaliyotumika hayaingii darasani hata yaoshwe vipi. Betri bapa za kitufe nazo ziondoe: mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Chupa za kemikali zisizo na lebo usizifungue, usizinuse, usizimwage kwenye sinki.

Betri za kawaida zijaribu kwa balbu, si kwa kipimavolti peke yake. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa haijabebeshwa kazi yoyote, kisha ikazima mara tu unapoiunganisha.

Hatua ya 3: Panga kwa seti

Stoo nyingi hupanga sumaku na sumaku, waya na waya. Hupendeza kwa mkaguzi, lakini mwalimu anayetaka kufundisha saketi lazima afungue maboksi matano kila kipindi, na baada ya wiki mbili atachoka arudi ubaoni. Panga kwa somo: trei moja kwa kundi moja, ndani yake kila kitu kinachohitajika, na karatasi iliyobandikwa kwenye trei yenye orodha na idadi. Dakika chache kabla ya kengele, kundi lihesabu na mmoja wao aweke sahihi.

Hatua ya 4: Wape vifaa kabla ya maelezo

Hapa ndipo msaada unapogeuka somo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila kundi lipe betri moja ya volti 1.5, balbu moja ndogo ya tochi na kipande kimoja cha waya kilichomenywa ncha zote mbili. Agizo ni neno moja: washeni. Usichore chochote ubaoni. Utaona kundi baada ya kundi likigusisha ncha moja ya waya kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye kitako cha balbu, kisha watoto wanatazamana: mbona haiwaki? Wengi wanaamini umeme hutoka kwenye betri, ukaingia kwenye balbu, na safari ikaishia hapo. Mwingine ataunganisha kichwa cha betri na kitako chake bila balbu yoyote, na waya utaanza kupata moto vidoleni mwake. Mwambie auachie mara moja, na umwahidi kwamba ugunduzi wake utajadiliwa, maana huo ndio mzunguko mfupi: umeme unarudi kwenye betri bila kupita kwenye balbu.

Baadaye mmoja, na si lazima awe yule wa alama za juu, atakalisha kitako cha balbu juu ya kichwa cha betri, kisha apitishe waya kutoka kitako cha betri hadi ubavu wa chuma wa balbu. Kelele utakazosikia zitamleta mwalimu wa darasa la jirani.

Sasa toa lenzi za mkono. Waitazame balbu kwa ndani, wafuate nyaya mbili zinazoshikilia uzi mwembamba: mmoja umeshuka hadi kitakoni, mwingine umeunganishwa na ubavu. Wataeleza wenyewe kwa nini ilikuwa lazima kugusa sehemu mbili. Maelezo yako ya mzunguko kamili yatachukua dakika tano, kwa sababu yanajibu swali ambalo tayari linawasumbua.

Kipindi kinachofuata, ongeza balbu ya pili kwenye mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia ile ile. Kabla hawajaunganisha, kila mmoja aandike: ipi itang'aa zaidi? Wengi watataja ile iliyo karibu na betri, eti inatumia umeme kwanza. Balbu za aina moja huwaka sawa, na hapo dhana ya mkondo wa umeme "kuliwa" njiani inaanza kuyumba. Lakini angalia, balbu za msaada huja zimechanganyika. Soma namba zilizogongwa ubavuni mwa kila balbu na uzitenganishe mapema, la sivyo moja itang'aa kuliko nyenzake kwa sababu isiyohusiana na somo, na watoto watashikilia jibu lisilo sahihi wakiwa na ushahidi mkononi.

Hatua ya 5: Kutoka kuchezea hadi kupima

Vitendo bila daftari ni burudani. Mabomba ya sindano yanafaa sana kwa kuvuka hapo. Unganisha mawili ya ukubwa tofauti kwa mrija mfupi, kwanza yakiwa na hewa tu. Mtoto akisukuma dogo huku mwenzake ameshikilia kubwa, anahisi hewa ikibonyea chini ya kidole. Kisha jazeni maji, mkitoa mapovu yote. Safari hii hakuna kubonyea, na mwenye bomba dogo anamshinda nguvu mwenye bomba kubwa. Wapime kipenyo cha kila pistoni kwa rula. Kikiwa maradufu, eneo ni mara nne, nguvu inayotoka ni karibu mara nne, na mwendo ni robo. Mwendo waupime wenyewe. Jedwali lao litakuwa karibu na hesabu, lakini halitalingana sawasawa, na hapo mazungumzo kuhusu msuguano yanaanza bila kulazimishwa.

Kwa kubembea, wapime muda wa mibembeo 10 (kwenda na kurudi ni mbembeo mmoja) kisha wagawe kwa 10, kwani mbembeo mmoja hauwahiwi na kidole. Kwa uzi wa sentimita 100 watapata karibu sekunde 2, kwa sentimita 25 karibu sekunde 1. Nati ikiwa nzito au nyepesi, hakuna tofauti ya maana. Urefu upimwe hadi katikati ya nati.

Hatua ya 6: Mrejeshee aliyetoa

Mtumie nakala ya jedwali la matokeo au swali jipya walilouliza wanafunzi, pamoja na orodha ya kilichoisha. Picha za nyuso za watoto usizitume bila ruhusa ya wazazi. Picha ya mikono juu ya trei inatosha.

Maswali ya walimu

Shikamoo mwalimu. Nina wanafunzi 60 na seti 6 tu. Nikifuata hesabu yako, kila seti ina watoto 10.

Marahaba. Usiwape wote kwa wakati mmoja. Gawa darasa mara tatu: theluthi moja kwenye vifaa, theluthi wanaandika utabiri na kuchora jedwali, theluthi wanachambua data za kipindi kilichopita. Dakika 12 hadi 15, wanabadilishana. Hapo kila seti ina watu 3 au 4. Kelele itakuwepo, na siku ya kwanza mzunguko hautakamilika. Kabidhi kila trei mtoto mmoja wa kuisimamia, wewe ukae na wale wa uchambuzi, maana ndio wanaokuhitaji zaidi.

Mkuu wangu amefungia vifaa ofisini. Anasema vitachakaa na mkaguzi akija hatakuta kitu.

Hofu yake ina msingi, yeye ndiye aliyetia sahihi. Mpelekee daftari la vifaa lenye safu tatu: vinavyodumu, vinavyoisha, vilivyoharibika na sababu yake. Omba seti ya mada moja tu kwa wiki mbili, uirudishe ikiwa imehesabiwa. Mwalike kwenye kipindi cha balbu. Na mfadhili akikubali kuandika kwenye barua kwamba vifaa ni vya kutumika hadi viishe, mkuu anakuwa na karatasi ya kumwonyesha mkaguzi.

Nimeletewa taa ndogo za LED badala ya balbu. Betri moja haiwashi kabisa. Zimekufa?

Hapana. LED nyekundu inahitaji karibu volti 2, betri moja ina 1.5. Weka betri mbili kwenye mfuatano, mguu mrefu wa taa uelekee upande wa chanya, na uweke kizuizi (resista) cha ohmu 100 kwenye njia ili isiungue. Nyeupe na za buluu zinataka karibu volti 3, kwa hiyo betri mbili zilizochoka hazitaziwasha. Kwa kipindi cha kwanza bado ningetafuta balbu za uzi, kwa sababu ndani yake njia ya umeme inaonekana kwa macho.

Na sisi tuliopata hadubini moja, tuirudishe?

Msirudishe! Iwekeni mahali pamoja, kwenye meza isiyotikisika, na picha iwafikie wengi: simu ikishikiliwa kwenye lenzi ya jicho hupiga picha nzuri ya seli za ngozi ya kitunguu. Watoto wapite wawili wawili wakati wenzao wanachora kwa lenzi za mkono, kila mmoja aweke mchoro wake kando ya picha.

Mimi ni wa hisabati. Hapa sioni changu.

Kimo, dada. Jedwali la mibembeo ni grafu tayari, na si mstari mnyoofu: urefu ukiwa mara nne, muda ni mara mbili tu. Waache wabishane kwa nini mstari unapinda, kisha wachore upya urefu dhidi ya muda uliozidishwa kwa wenyewe, waone unanyooka. Ukitaka chako peke yako, omba vizibo vya chupa. Kila kundi lirushe kizibo mara 50 na kuhesabu kinavyoangukia mgongo au tumbo. Sarafu wanaijua jibu kabla ya kuirusha. Kizibo hakuna anayelijua, wewe pia.

Mfadhili anataka kuleta kompyuta za zamani. Nimkatalie?

Muulize mambo matatu kabla ya kujibu: zinawaka, zina chaja zake, na nani atazitengeneza? Betri ya kompyuta iliyovimba ni hatari ya moto, hiyo ikatae. Jibu la tatu likiwa kimya, mwambie kwa heshima kwamba kwa sasa una uhitaji wa betri ndogo, waya na utepe, na umpe orodha yenye idadi.