Namna ya Kutathmini Huduma katika Makazi ya Wazee

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, inaiachia familia jukumu la kwanza la matunzo na kuyafanya makazi ya wazee kuwa kimbilio la mwisho. Kwa sababu hiyo, wengi wanaoishi katika makazi ya Serikali, kama yale ya Nunge huko Kigamboni au Kolandoto mkoani Shinyanga, hawana ndugu wa karibu wa kuwafuatilia. Mtathmini, awe mjumbe wa kamati, mfadhili au mwanafunzi wa ustawi wa jamii, aanze na mzee asiyeweza kujisemea.

Tathmini isifanywe siku ya kukabidhi misaada, kwani siku hiyo ua limefagiwa na kila mzee amevaa nguo safi. Omba kibali kwa Afisa Ustawi wa Jamii, mweleze mfawidhi wiki utakayofika bila kutaja saa, kisha uingie asubuhi mapema. Mzee kukutwa amelowa alfajiri si uzembe wa mtu. Godoro lilelile likiwa bado bichi saa nne, hilo liandike.

Kwa mzee asiyeinuka kitandani, mwombe muuguzi, kwa ridhaa ya mzee mwenyewe na pazia likiwa limefungwa, aikague ngozi ya chini ya kiuno, nyonga na visigino, ambako vidonda vya mgandamizo, yaani vinavyotokana na kulalia sehemu moja muda mrefu, huanzia. Katika ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo hauonekani kwa urahisi, hivyo apapase kwa mkono: sehemu yenye joto zaidi, ngumu au nyeusi kuliko ya pembeni yake imeshaanza kudhurika. Uliza nani humgeuza usiku na wapi huandikwa. Wauguzi wengi wamezoea kugeuza kila baada ya saa mbili, lakini karatasi iliyojazwa usiku kucha kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, bila hata herufi kupinda, inastahili swali la pili. Pale wanapoishi waliowahi kuugua ukoma, kagua pia nyayo na viatu, kwa kuwa mguu uliopoteza hisia hauwezi kumwambia mwenyewe kwamba umechomwa na msumari.

Ratiba ya chakula iliyobandikwa ukutani haina uzito mkubwa; keti hadi mlo wa mchana uishe. Angalia nani humlisha mwenye mikono inayotetemeka, asiye na meno hupewa nini badala ya nyama ngumu, na kama kikombe cha maji kiko karibu na mkono, maana kiu hupungua uzeeni ilhali mwili bado unahitaji maji. Omba kumbukumbu za uzito: mzee wa kilo 50 aliyeshuka hadi 45 ndani ya miezi sita bila kukusudia amepoteza asilimia 10, na lazima kuwe na maelezo ya kitabibu. Mahali pasipo na mizani, jibu umeshalipata.

Dawa za presha na kisukari linganisha na kadi: vidonge vilivyobaki vipungue kwa idadi ya siku zilizopita. Usiku, hesabu wahudumu wa zamu na utembee mwenyewe kutoka kitandani hadi chooni, ukiangalia taa, utelezi na vyuma vya kushikia. Zanzibar, ambako pensheni jamii ilianza mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, uliza pia nani huipokea na nani huitunza fedha ya mzee asiyetoka nje.

Mazungumzo na wazee yafanyike mbali na masikio ya wahudumu, na yaanze kwa shikamoo kabla ya daftari kufunguliwa. Sikiliza pia jinsi wahudumu wanavyowaita. Binafsi nalipa jambo hili uzito kuliko rangi mpya ya ukutani: mhudumu anayesema "huyu wa kitanda cha sita" mbele ya bibi mwenye jina lake ameshasema mengi.

Ukikuta mzee amefungwa kamba kitandani, ana kidonda kisichotibiwa au ana alama za kipigo, usisubiri kukamilisha ripoti. Mpe taarifa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri siku hiyohiyo, kwa maandishi, na kwa kipigo nenda polisi.