Namna ya kuingia mu shorale (kwaya) ata kama unawaza hauna sauti

Bantu baniulizaka paka swali moja: "Yaya, mi sina sauti, nitafanya nini mu shorale?" Ndugu, njo bantu sawa weye njo tunatafuta. Basolisti (benye kuimba peke yabo) tuko nabo, babili, na banagombanaka mikro kila wiki. Yenye inakosaka ni mutu mwenye anakuya ku repetisyo (mazoezi) yote na anasikiliza mwenye kusimama pembeni yake.

Mbele ya yote ujue faida iko wapi, juu benye banaingia na mawazo ya kuonekana siku ya Mungu banakimbiaka mu miezi mbili. Faida iko ku repetisyo, mangaribi, wakati kuko paka shiye na viti. Na inatokaka mu pumzi. Ukiimba unavuta pumzi mbio mbio alafu unaitosha polepole paka mwisho wa fraze, na wakati mutu anatosha pumzi moyo yake inapunguza mwendo kidogo, njo vile mwili iko. Sasa bantu makumi tatu bakivuta pamoja na bakitosha pamoja, mioyo nayo inaanza kufwatana: kule Göteborg, ku Uswidi, balipima ile kintu mu mwaka 2013, bakaona moyo ya baimbaji inapanda na kushuka pamoja kufwatana na wimbo. Mi sikujua ile wakati niliingia, nilijua tu kama nikitoka repetisyo kichwa inakuwa nyepesi na bukari (ugali) inaingia muzuri. (Lakini kama uko na tansyo (presha) usiache dawa yako ati juu unaimba tenore (sauti nyembamba ya banaume), tafazali.)

Ingine ni bantu. Nilitoka Likasi kuya huku Lubumbashi, mu Katuba yote nilijua paka mwenye lopango (mwenye nyumba), na yeye tulionanaka mwisho wa mwezi juu ya franga. Mwezi moja tu mu shorale, nikapata malaria, na batenore bane bakafika ku mulango na machungwa na supu ya kuku. Ku Uingereza bafundi ba Oxford baliandika mu 2015 kama balifwata bakubwa benye balianza masomo mupya, bamoja kuimba, bengine kazi ya mikono, bengine kuandika, kisha miezi saba bote balikuwa barafiki lakini ba kuimba njo balizoeana mbio kupita bengine. Ile siishangae ata kidogo. Mukiimba hamuna lazima ya kutafuta masolo (mazungumzo).

Na usiseme haujue solfeji (kusoma noti). Hapa Katanga mambo ya shorale haikuanza jana: mu 1937, wakati muji ya Lubumbashi ilikuwa ingali inaitwa Elisabethville, tayari kulikuwa shorale ya Chanteurs à la Croix de Cuivre. Na Missa Luba ya Kamina, ile misa ya kuimba yenye ilijulikana mu dunia muzima, batoto na bakubwa benye baliimba na père (padri) Guido Haazen mu 1958 habakuwa banafwata karatasi, sehemu mingi balikuwa banatunga mulemule mu kuimba, na ule mwaka balifika nayo paka ku Ulaya. Kwa ile, sikio njo ya kwanza. Karatasi itakuya nyuma.

Basi unaanza vipi. Tafuta shorale yenye unaweza kufika kwa miguu ao na bisi moja, juu repetisyo ni mara mbili ao tatu mu wiki na ikikuwa mbali utachoka, haina siri. Enda mara mbili ukae nyuma bila kuimba. Angalia kitu moja tu: mutu akikosa noti, maestro (mwenye kuongoza shorale) anafanya nini? Kama anarudilia ile fasi na bote, baki. Kama anamutukana mbele ya bantu, toka polepole, hauna deni. Kisha uulize kotizasyo (muchango) ni ngapi, amande ya retari (faini ya kuchelewa) ni ngapi, na inifome (nguo ya shorale) ni ngapi kwa mwaka. Usione haya kuuliza. Shorale yangu ya kwanza, jina yake nitaiacha, ilituomba vitambaa tatu mu mwaka moja, Pasaka, jubile, Noeli, na fundi wa kushona ku mugongo yetu, nikaona hapa sasa naimbia duka ya bitambaa, nikaondoka.

Ile shorale njo balinikosea tena kintu ingine. Batenore balikuwa bachache, baliniangalia vile niko mwembamba bakasema "weye tenore." Mi ni base (sauti nzito ya banaume) kabisa! Nililalamika miezi tatu kule yulu ku noti za tenore, siku ya kwanza ya kazi mu wiki siwezi kuita ata kiliya (muteja), koo inawaka sawa nimekula pilipili. Kwa hiyo usikubali bakuweke fasi juu ya kukosa bantu. Omba maestro apige kinanda, ushuke noti moja moja paka fasi sauti inageuka hewa, alafu upande. Ukiona kidevu inainuka, mishipa ya shingo inatoka, unasimama ku ncha ya vidole, ile noti haiko yako. Na usifwate sauti ya kusemea peke yake: kuko bamama benye banasema chini sana na bakifungua kinywa ni soprano (sauti nyembamba ya bamama).

Pumzi sasa. Mi alinifundisha mama mumoja wa alto (sauti ya chini ya bamama) mwenye anauzishaka makala ku soko ya Kenya, hapa Lubumbashi. Aliniona nainua mabega kila nikivuta pumzi, akakuya nyuma yangu, akaweka mukono yake ku mugongo chini, pale mukaba inapita, akasema "mutoto, sukuma mukono yangu." Nikavuta, hakuna kitu. "Haujasukuma." Mara ya tatu ao ya ine nikasikia mbavu inafunguka pembeni na mukono yake ikarudi nyuma kidogo, akacheka, akarudi fasi yake na alama nyeusi ya makala ikabaki ku shimizi yangu. Fanya hivi ku nyumba: lala chali, weka kiatu juu ya tumbo, vuta pumzi kiatu kipande, kisha toa "sssss" moja sawasawa bila kuruka na uhesabu. Ukifika 20 si mubaya. Ya pili, chukua paille ya sukre (murija wa kunywea soda), vuma wimbo mulemule, dakika tano, mbele ya kutoka. Jirani watacheka, koo itakushukuru.

Mu repetisyo simama katikati ya bawili benye banajua. Imba chini kuliko vile unasikia: kama hausikii tena mwenzako, weye njo unapiga kelele. Na kuko siri moja yenye haba­kuambie siku ya kwanza. Noti ndefu, zile za kipimo sita ao munane, hakuna mutu anaishikaka peke yake. Unasikilizana na wa pembeni, "weye pumua ku neno ya pili, mi nitapumua ku ya ine," unatoka polepole na unarudia polepole, na kule mbele bantu banasikia sauti moja tu yenye haikatike. Siku ya kwanza nilielewa ile, nikiacha kuimba sekunde mbili juu ya kuvuta hewa na nasikia base inaendelea bila mi, aisee, nilitaka kulia.

Omba audio ya sauti ya kikundi yako (base peke yake, ao alto peke yake) mu grupu ya WhatsApp, si audio ya shorale yote, juu utafwata soprano bila kujua. Kama hakuna, weka telefone karibu na kinywa ya mwenye nguvu mu kikundi yako. Sikiliza mu bisi, sikiliza ukifua nguo.

Mwezi ya sita na ya saba, baridi na vumbi, kunywa maji mingi na funga kitambaa ku shingo asubui. Sauti ikikauka, nyamaza, usiseme kwa kunong'ona, ile nayo inachokesha koo. Ikipita wiki tatu haijarudi, enda kwa munganga.

Siku ya kwanza beba kalamu na chupa ya maji, fika mbele ya saa. Na kama uko mwanaume, na ukisema asubui sauti yako inanguruma sawa groupe (jenereta) yenye imekosa mazutu, usipite ku tenore: uliza base iko wapi. Shiye tuko batatu, na mumoja anasafiri Kolwezi kila wiki.