Kasoro za Bango Kubwa: Jinsi ya Kujua Zimeanzia Wapi

Katika wiki zinazotangulia tarehe 12 Januari, Siku ya Mapinduzi, kazi za mabango hapa Unguja huwa za usiku na mchana, na mita za fleksi, yaani turubai la plastiki la kuchapia mabango, zinazoharibika huwa hasara ya fundi mwenyewe. Nimewaona mafundi wengi wakikimbilia kusafisha vichwa vya mashine na kumaliza wino, ilhali kasoro imo ndani ya faili. Kwa hiyo usiiguse mashine kabla hujaifuata njia yote ambayo kazi imepitia.

Hatua ya kwanza ni kutoa PDF na kuifungua katika programu nyingine, si ile uliyochorea. Kasoro ikionekana hapo, rudi kwenye mchoro. Isipoonekana, itazame kazi katika programu inayoiongoza mashine, ambayo wengi wetu huiita ripu. Ikiwa huko nako ni safi, ndipo mashine ishukiwe.

Hatua ya pili ni vipimo, na hapa ndipo penye matatizo mengi. Kwa kawaida ukurasa wa PDF hauzidi inchi 200, yaani mita 5.08, kwa upande mmoja. Zipo njia za kuuvuka mpaka huo, lakini ripu ya zamani huweza kulisoma faili la namna hiyo likiwa moja ya kumi ya ukubwa wake. Bango la mita 8 kwa 2 lichore kwa sentimita 80 kwa 20, kisha uliandike jina la faili pamoja na maneno «kuza mara 10», ili fundi wa zamu ya usiku asilazimike kukisia. Kumbuka kwamba picha nayo itakuzwa: ukitaka pikseli (vidoti vya picha) 72 kwa inchi ukutani, weka 720 katika mchoro mdogo. Usidai 300 ukutani kwa bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sababu picha ya ukubwa huo, kwa rangi nne, hupita gigabaiti 8, na faili la picha la aina ya TIFF ya kawaida halibebi zaidi ya 4.

Hatua ya tatu ni kutafuta vitu vinavyopotea. Niliwahi kuchapa bango la skuli moja ambalo jina lake, lililoandikwa kwa herufi nyeupe juu ya buluu, halikutoka kabisa, ingawa kwenye skrini lilisomeka vizuri. Herufi hizo zilikuwa nyeusi hapo mwanzo na zilipewa agizo la kuchapwa juu ya rangi ya chini bila kuitoboa. Zilipogeuzwa kuwa nyeupe, agizo likabaki, na kwa kuwa mashine yetu haina wino mweupe, hapakuwa na cha kuchapa. Liondoe agizo hilo kwenye kila kitu cheupe. Maandishi nayo yageuze kuwa michoro, hasa ya Kiarabu, kwani fonti ikikosekana kwenye kompyuta ya pili herufi huweza kuachana au kupinduka. Ila hifadhi nakala inayoweza kuhaririwa, maana mteja atabadilisha tarehe.

Hatua ya nne ni rangi. Buluu kali ya skrini huelekea zambarau ikichapwa, hivyo geuza kazi kuwa ya wino nne mapema na mwoneshe mteja kipande kilichochapwa. Kwa eneo pana jeusi, wino mweusi peke yake hufifia kama kijivu, na wino zote nne kwa asilimia 100 huchelewa kukauka. Bango kama hilo likikunjwa upesi ili liwahi boti ya Pemba, hugandana. Mimi hutumia nyeusi 100, buluu 60, waridi 40 na manjano 40.

Ikiwa yote hayo ni sawa na bado pana mistari, chapa jaribio la matundu ya wino. Mistari mitupu ya rangi moja huashiria tundu lililoziba. Mistari inayojirudia kwa umbali sawa katika rangi zote hutokana zaidi na mwendo wa fleksi, basi rekebisha urefu ambao mashine huivuta kila mara, kisha chapa kipande cha sentimita 30 kabla ya kuruhusu bango zima.