Kuku wa sokoni na bakteria sugu: jinsi ya kumshughulikia jikoni

Moto haujali kama bakteria amezoea dawa. Salmonella, bakteria wa kuku anayeharisha watu, awe sugu au wa kawaida, hufa, nyama ikifika nyuzi 74 ndani kabisa. Hata Nakuru, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, mchuzi una joto la kutosha na kubaki. Hatari iko kwenye majimaji mabichi yanayofikia kachumbari kabla sufuria haijainjikwa.

Sokoni, iwe Kibuye mjini Kisumu au kwingine, angalia maji ya kunyonyolea. Yakishatumbukizwa kuku wengi bila kubadilishwa hujaa kinyesi, na kila ngozi huondoka nacho. Omba maji mapya. Usidhani kienyeji ni kinga: naye akianza mafua hupewa unga wa oksitetrasaiklini, antibiotiki kutoka agroveti (duka la dawa za mifugo), na bakteria wake huizoea. Muuzaji akiwa ndiye mfugaji, muulize dawa ya mwisho ilitolewa lini na lebo inataka siku ngapi za kusubiri kabla ya kuchinja. Mabaki ya dawa, tofauti na bakteria, hayaondoki yote kwa kupikwa.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya 2017, na ile ya kitambaa huvuja na kufyonza majimaji. Nenda na mkebe wenye kifuniko. Kwa joto la Kisumu, kuku apikwe au aingie friji ndani ya saa mbili. Friji iwe chini ya nyuzi 5, kuku akae rafu ya chini, asizidi siku mbili. Friza huwalaza bakteria tu, haiwaui.

Usimwoshe chini ya bomba. Matone huruka hadi kwenye vyombo safi. Ndimu na chumvi ni za ladha. Kumbabua motoni huunguza vinyweleo na ngozi, lakini kwenye maungio nyama bado ni mbichi.

Kata mboga kwanza, kuku mwisho. Kisha osha ubao, kisu na mikono kwa sabuni. Ubao ukishatakata, upake maji yenye kijiko kimoja cha chai cha Jik (dawa ya klorini) ya asilimia 3.5 kwa lita, uache dakika chache, usuuze. Ukiruka sabuni, mafuta na damu humaliza nguvu ya klorini.

Vipande vya broila vichemke dakika 30 hadi 40. Kienyeji huenda saa moja na zaidi. Usitegemee rangi: mifupa ya broila mchanga hutoa wekundu hata ikiiva. Kipimajoto kichomwe penye mnofu mnene wa paja, kisiguse mfupa.

Mtu akiharisha, mpe maji ya ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini). Kukiwa na damu au homa kali, nendeni hospitali mkaombe kinyesi kipimwe na, bakteria wakionekana, wajaribiwe dawa ipi inawaua. Vidonge vya kubahatisha kutoka duka la dawa huua bakteria wanyonge tumboni na kuwaachia nafasi wale sugu.