Hati ya kimila ya shamba: kuipata, na kuombea mkopo

Hernando de Soto, mchumi wa Peru, ana hoja inayopendwa sana na watetezi wa soko huria: maskini mali anayo, ila haina karatasi, kwa hiyo ni mtaji mfu, yaani haiwezi kuwekwa dhamana ya mkopo. Mwaka 2004 Tanzania iliichukua hoja hiyo ikaanzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge. Kijijini, karatasi yenyewe ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999.

Kabla ya fomu ya maombi, muulize mtendaji wa kijiji kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na masjala ya ardhi. Kama havipo, anzeni hapo kwanza.

Kazi kubwa ni mipaka. Izungukeni na majirani wa pande zote mbele ya mashahidi, na siku hiyohiyo pandeni mkonge au minyaa kwenye kona. Ndugu aliyeko mjini aitwe mapema, maana ndiye hujitokeza hati ikishachapwa. GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5. Kwenye ekari moja (hatua 70 kwa 70), mpaka mmoja ukisogea mita 4 umepoteza takriban mita za mraba 250, bustani nzima ya mchicha. Kiwanja kidogo kipimwe kwa tepu pia.

Kwenye fomu andikeni mume na mke wote. Halmashauri ya kijiji ina siku 90 za kuamua. Omba nakala ya muhtasari wa kikao. Mwenyekiti, mtendaji na mwenye ardhi husaini, kisha afisa ardhi wa wilaya hugonga muhuri na kusajili. Wengi hukwama kwenye muhuri huo.

Sasa mkopo, na hapa de Soto hupwaya. Swali la benki ni nani atalinunua shamba ukishindwa kulipa. Mtu wa nje ya kijiji hawezi kulichukua bila idhini ya halmashauri, basi wanunuzi ni wachache na bei ni ndogo. Watetezi wa soko huria hulaumu sheria: ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na mkulima ana haki ya kuitumia tu. Wapinzani wao hujibu kwamba kizuizi hicho ndicho humwokoa mtu asiuze shamba mwaka wa njaa. Wote wana hoja.

Kwa hiyo omba hati mbili tangu mwanzo: moja ya nyumba na shamba la chakula, ibaki sandukuni, nyingine ya shamba la biashara, ndiyo iende benki.