Kabla ya kuchagua kaliba, piga risasi tano

Kwa wenye leseni ya bastola hapa Nairobi: jana kwenye uwanja wa shabaha nilijifunza jambo ambalo lingeniokoa ubishi wa miezi kuhusu kaliba, yaani unene wa risasi, ya kubeba: 9mm au .45. Chukua 9mm na .45, simama mita 7, piga risasi tano za haraka kwa kila moja, kisha pima matundu yalivyotawanyika. Beba ile iliyokusanya matundu yote ndani ya eneo la ukubwa wa kiganja. Risasi ya .45 ni nene zaidi, kama milimita 11.5, lakini ya bastola haimwangushi mtu kwa unene; kinachoamua ni inapoingia na kina inachofika. Teke la .45 (msukumo wa bastola kurudi nyuma unapopiga) likikuchelewesha kurudi kwenye shabaha, unene huo haukusaidii. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, lenyewe liliacha .40 (kaliba iliyo kati ya hizo mbili) likarudi 9mm katika miaka ya 2010. Jaribio hili hukudanganya ukitumia bastola kubwa ya kuazima halafu ubebe ndogo: 9mm katika bastola fupi, nyepesi, hupiga teke kali ajabu. Jaribu ile ile utakayobeba, na risasi zile zile.